Mshale Ulipovuka Mia Saba

Mikumi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mwanangu Foibe,

Tangu asubuhi wewe na mama yako mmekwenda Kilosa kuwaaga shangazi zako, na nyumba imekuwa kimya mno. Nimekaa barazani na daftari lako la fizikia la kidato cha nne. Nimechana kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Usinigombeze, karatasi madukani haipo, na wewe fizikia umeshaimaliza.

Habari za sabuni, za kuficha nauli, za kutonunua mayai ya stendi, mama yako atakuambia, tena mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Kesho utaingia karakana ya Fundi Athumani pale Morogoro. Utamwamkia, naye ataitikia. Mtu huyo nilimkosea, Foibe. Yeye anajua, mimi najua, mama yako anajua nusu. Sitaki wewe uingie pale ukiwa huna habari.

Najua unavyofikiri. Ulipoleta barua ya kukubaliwa nilisema gereji si mahali pa msichana. Nilisema utanuka oili mpaka siku ya harusi yako. Wiki tatu nilisema, na wewe hukunijibu neno, ukawa unafua tu, unafua hata nguo safi. Uliamini baba yako anaona haya kuwa na binti fundi. Mwanangu, ningekuwa na mabinti wanne ningewapeleka wote wanne. Kilichonikaba ni jina lililokuwa chini ya ile barua, pamoja na mstari uliokuwa juu yake: “Kama wewe ni binti wa dereva Yohana wa Kilosa, njoo, nafasi ni yako.” Mstari huo niliusoma chooni, mara nyingi, ili mama yako asinione.

Wakati ule ulikuwa na miaka sita na tulikuwa tunaishi Kilosa. Sijui unakumbuka nini. Labda unalikumbuka lori, maana ulikuwa ukipanda kwenye ngazi yake na kukataa kushuka. Lililetwa kwa ajili ya barabara ya Zambia, kisha wilaya ikaliazima mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, na usukani nikapewa mimi. Lilikuwa na tabo. Leo malori ya tabo yanapita hapa Mikumi kutwa kucha na hata mbwa hageuzi shingo, lakini kwetu wakati ule lilikuwa hilo moja, na filimbi yake ilisikika kutoka ng’ambo ya mto. Wanawake wa kijiji cha Rudewa walikuwa wakisema, “Yohana huyo anapita,” kabla hawajaona hata vumbi.

Nilibeba vitu gani? Nilibeba nyumba. Watu walipoambiwa wahame walibomoa kilichobomoleka, na kitu cha kwanza kuondoa kilikuwa mlango. Nimepanda na kushuka milima ya kwetu na milango ishirini nyuma, imesimama wima, inagongana. Juu yake vinu, kuku, bibi mmoja ameshika taa isiyo na mafuta. Mpaka leo nikisinzia mchana ninaiona ile milango. Inafunguka na kufungwa yenyewe, na nyuma yake hamna nyumba, kuna nyasi tu na twiga wanaovuka taratibu. Mama yako anasema ni kwa sababu ninalala nimeshiba.

Sasa nikueleze tabo jinsi Fundi Athumani alivyonieleza mimi, ingawa yeye mwenyewe atakueleza vizuri zaidi. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa kuingia ndani. Magari mengine yanautupa moshi. Hili linaufanyisha kazi kwanza. Ndiyo maana lina nguvu, na ndiyo maana moto wote wa injini hupita mahali padogo kama bakuli la uji.

Fundi Athumani alikuwa mtu wa Kilosa kabisa, mtoto wa mabondeni, mwembamba, kofia yake nyeupe hata katikati ya grisi. Alitoboa bomba la moshi kabla ya tabo, akachomeka kijiti cha kupimia joto, akavuta waya mpaka mbele yangu na kufunga saa ndogo. “Wengine wanaifunga nyuma ya tabo,” aliniambia. “Huko moshi umeshachoka, saa itakubembeleza. Mimi nataka ikwambie kweli.”

Kisha akanikalisha juu ya tairi.

“Sikiliza, Yohana. Mshale ukiwa digrii mia sita, mia sita hamsini, endesha, imba nyimbo zenu za kanisani. Mia saba usikae. Ukivuka hapo ondoa mguu, shusha gia, injini izunguke ipate hewa. Usishindane nao. Chuma kina mwisho wake, pistoni itayeyuka kama samli.”

“Na nikisimama?”

“Ukisimama usizime. Ngoja mshale ushuke chini ya mia mbili. Oili ndiyo inayoipoza tabo. Ukizima, oili inasimama na tabo bado ya moto, basi inaungulia humo humo inakuwa masizi. Dakika tatu, nne, mpe apumue.”

“Dakika nne zote nifanye nini?”

“Ukojoe. Kama huna mkojo, utubu.”

Tulicheka sana siku hiyo. Alikuwa rafiki yangu, Foibe. Naona nimeandika ukurasa mzima bila kulisema hilo.

Kulikuwa na jioni moja, kwenye mpando wa mwisho wa kufika Mamboya kwa babu yako, nilisimama nikafungua boneti ili nitazame. Bomba lilikuwa jekundu, rangi ya pilipili iliyoiva, na giza lilipozidi likazidi kung’aa. Milima ilikuwa bluu, hakuna upepo, na nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena barabarani. Saa ilikuwa imesema mia saba na kitu njia nzima nami sikupunguza, kwa sababu filimbi ilikuwa tamu. Nilidhani nimeonyeshwa kitu kizuri. Lilikuwa onyo, nami nikalitazama kama picha.

Ila kosa langu kubwa si hilo. Kosa langu lilikuwa uani kwa babu yako.

Babu yako alikuwa mtu wa misheni, shati limepigwa pasi hata siku ya kupalilia. Alikataa kuhama Mamboya. Hakugombana na mtu, alikataa tu, na kila nilipopita na milango ya jirani zake alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuielezea. Lakini nikiwa mtoto wake nisingeweza kupita bila kumwamkia. Basi kila wiki nilimaliza mlima, nikaingia uani kwake na mshale bado uko mia tano, naye amesimama mlangoni na fimbo.

“Shikamoo, baba!”

“Nini?”

“Shikamoo!”

“Nasikia kelele. Zima hilo dude, nijue kama amefika mwanangu au imefika mashine.”

Nami nikazima. Ungefanyaje wewe? Ungemwambia mzee wa miaka sabini asimame dakika nne bila salamu, kwa ajili ya feni? Majirani wanatazama, katekista anatazama. Kumwamkia baba yako injini ikinguruma ni sawa na kumwamkia umekaa. Nilizima, nikashuka, nikainama, akaitikia marahaba, na nyuma yangu chuma kilikuwa kikilia tik, tik, tik. Kila wiki, kwa miezi.

Siku moja tu nilijaribu. Nilisema, “Baba, injini hii inataka kupumua kidogo kabla sijaizima.”

Akasema, “Hata mimi.”

Nilicheka, nikazima. Sikujua kwamba alikuwa ananiambia kitu. Kwa miaka alikuwa na ngiri, ameifunga kwa kitambaa chini ya lile shati la pasi, na hakumwambia mtu, hata bibi yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na katika ua ule tulikuwa wafichaji wawili. Mimi nilikuwa naficha maradhi ya lori.

Maana nilijua. Filimbi ilikuwa imeanza kukwaruza. Oili ilikuwa inapungua bila kuvuja. Fundi Athumani aliniuliza, “Unamwacha apumue?” nikamjibu, “Kila siku, fundi.” Ningesema hapana ningelazimika kusema kwa nini. Na nani anapenda kusema amemwogopa baba yake, na ndevu zimeshaota mvi?

Kisha asubuhi moja nilifika Mamboya, babu yako hakuwa mlangoni. Alikuwa ndani, amejikunja, jasho linamtoka, tumbo gumu kama ubao. Bibi yako alikuwa akilia kwa Kikaguru, maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utoto. Tulimbeba, tukamkalisha mbele, pembeni yangu, nikageuza lori kwenda Berega. Hospitali ya misheni walikuwa na daktari wa kupasua. Si mbali, wewe mwenyewe unaijua njia ile, ila ina mlima mmoja katikati.

Tulipoanza kuupanda niliona moshi mweusi kwenye kioo. Filimbi haikuwepo. Tabo ilikuwa haisukumi hewa, na mafuta yanaingia, basi moto ukapanda. Mia sita. Mia sita hamsini. Sauti ya Fundi Athumani nilikuwa nayo masikioni, neno kwa neno: ondoa mguu, shusha gia. Babu yako alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, macho amefumba.

“Yohana,” alisema, “upesi.”

Nikakanyaga.

Mia saba. Mia saba hamsini. Mshale ulipita pale palipopakwa rangi nyekundu, ukaendelea mpaka ukafika mwisho wa namba. Nikasikia kitu kikikatika mbele yetu, si kwa kishindo kikubwa, kisha moshi mweupe, kisha lori likasimama likiwa bado limeelekea juu.

Ulikuwa ukimya wa ajabu. Majani marefu pande zote mbili, kanga wawili wakavuka barabara mbele yetu bila haraka yoyote, na jua lilikuwa zuri, Foibe, jua la asubuhi baada ya mvua. Nakumbuka niliona haya kwamba naliona.

Babu yako akafumbua macho. “Imezima?”

“Ndiyo, baba.”

“Hujaniamkia leo.”

Ilikuwa kweli. Kwa haraka ile nilikuwa sijamwamkia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akafumba macho tena.

Nilikimbia kutafuta watu. Walikuja wanaume sita na kitanda cha kamba, tukampokezana kwa miguu, tukafika Berega jua limeshapinda. Walimpasua saa ile ile, walifanya kila kitu. Alfajiri ya pili alifariki. Daktari hakunilaumu, aliniuliza tu tulitoka nyumbani saa ngapi, kisha akatazama chini.

Lori lile lingefika, mwanangu. Hata na tabo iliyokufa lingefika. Ningeshusha mpaka gia ya kwanza, nikaulegeza mguu, tukapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale ungerudi chini na tungekuwa Berega kabla ya saa nne. Nimeuendesha mlima ule kichwani kwa njia hiyo mara nyingi kuliko nilivyouendesha kwa lori. Kichwani huwa tunafika kila mara. Babu yako anashuka mwenyewe, anatafuta fimbo yake. Halafu mama yako ananiita chai.

Sasa lile la Fundi Athumani.

Alikuja msibani. Mwislamu yeye, alikaa na sisi Mamboya siku tatu juu ya mkeka, akachimba kaburi na wengine, akala ugali wetu na maharage. Tuliporudi Kilosa akaja bwana mmoja kutoka juu kuchunguza. Waliifungua tabo juu ya meza. Mapanga ya feni yameliwa, na mahali pa oili pamejaa kitu kama mkaa. Yule bwana akaniuliza mbele ya wote, “Dereva, ulikuwa ukiiacha injini ipoe kabla ya kuzima?”

Fundi Athumani alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Ameshauona mkaa ule. Alikuwa anajua mkaa ule unatokana na nini.

Nikasema, “Ndiyo. Kila siku.”

Alinitazama. Nilikuwa nimenyoa kichwa kwa msiba, nguo nyeusi begani. Kwetu mwenye msiba hagombezwi, hata kama amekukanyaga. Nilikuwa nalijua hilo wakati ninajibu, Foibe. Hilo ndilo nililotaka ulijue zaidi ya mengine yote. Nilijificha nyuma ya kaburi la baba yangu kwa kuwa nilijua rafiki yangu ana adabu. Akaomba ruhusa atoke akaswali adhuhuri. Alipotoka wakaandika kwamba fundi hakubadilisha oili kwa wakati. Mwezi haukuisha akaondolewa kazini, akahama Kilosa na watoto wake wadogo. Sikwenda hata kumsindikiza kituoni.

Mimi nikabaki na usukani. Miezi michache tu, halafu nikaacha, tukahamia huku Mikumi kuziba pancha za watu. Watu wakasema Yohana amevunjwa moyo na kifo cha baba yake. Nikaacha waseme hivyo.

Usinielewe vibaya, sikulaumu salamu. Ninyi vijana siku hizi mnasema “mambo” mkiwa mnatafuna, na moyo unaniuma. Ila najua sasa kwamba babu yako angeweza kungoja. Angenuna. Angenuna siku ile, labda na wiki iliyofuata, halafu angezoea, na pengine angeniuliza hiyo feni inafanyaje kazi, maana alipenda kujua vitu. Hasira ya mzee mara nyingi huisha kabla ya chakula cha jioni. Nilimheshimu kwa kumnyima nafasi ya kuelewa. Mpaka leo sijui kama ile ni heshima au ni woga uliovaa shati la heshima.

Watakujia madereva wenye mvi, mwanangu. Watakutazama, kisha watatazama nyuma yako wakimtafuta fundi mwanaume. Watasema, binti, zima, binti, funga, nina haraka. Sijui utawajibuje. Mimi ningependa uwajibu kwa shikamoo zote, halafu uwaambie wangoje. Na zile wiki tatu ulizokuwa unafua, ningependa ungenipigia kelele hata siku moja. Nilikuwa nazingoja. Labda umenirithi mimi hapo, na kama ni hivyo, naomba urithi huo uniachie hapa hapa barazani.

Jua limeshafika kwenye ngazi. Nimesimama kidogo, nimekwenda stendi na kurudi, ndiyo maana mwandiko umebadilika.

Nilikuwa nimepanga hivi: nikupe barua hii, na ndani yake bahasha ya pili, umpelekee Fundi Athumani. Nimeiandika hiyo ya pili mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na maneno mengi ya Biblia, nikaichana. Ya pili ilikuwa fupi, nikaisoma kwa sauti, na nikaona ninachokifanya. Ninamtuma mtoto akasimame mbele ya uso ambao ni mimi ninayestahili kuutazama. Mtu yule aliona jina langu, akasema njoo, nafasi ni yako. Amekukaribisha bila kunidai neno, na mimi nitume bahasha?

Basi nimekata tiketi ya pili. Mama yako bado hajui, nitamwambia akishavua viatu. Barua hii nitakupa tukishakaa ndani ya basi, uisome taratibu. Mimi nitakuwa upande wa dirisha na sitakutazama ukisoma. Ukimaliza, ukitaka kuniuliza, niulize. Usipotaka kusema na mimi mpaka Morogoro, ni haki yako, na sitanuna.

Sijui atanipokeaje. Anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitarudi na basi la jioni, wewe usinifuate, kaa ushike spana zako. Ila nitamwambia mbele ya mafundi wake wote, kama nilivyosema uongo mbele ya wote, kwamba nilikuwa ninazima injini ikiwa ya moto, na kwamba yeye aliniambia nisizime.

Tukifika, wewe tangulia. Mwamkie kwanza, maana na wewe hana neno. Akishaitikia, mwanangu, utupishe.

Baba yako,
Yohana